Mkulima bodini ajue anamshauri nani

Jimbo la California lina bodi ya chakula na kilimo yenye wajumbe 15. Wanateuliwa na gavana kwa kipindi cha miaka minne, na kazi yao ni kumshauri yeye pamoja na waziri wa kilimo wa jimbo. Basi. Bodi hiyo haitoi leseni, haipangi bei, haikusanyi tozo. Msomaji wa Mtwara aliyezoea bodi ya zao yenye meno atauliza: sasa hawa wanakaa kufanya nini? Ni swali la haki, maana hata baadhi ya wanaoteuliwa hawalijui jibu. Yupo anayeingia akidhani amekabidhiwa rungu, akaishia kugombana na maofisa asio na mamlaka juu yao. Mwingine anaingia kama aliyetunukiwa nishani. Husikiliza mawasilisho, hunywa chai, hupiga picha na wakubwa, kipindi kinaisha.

Kwa maoni yangu bodi ya ushauri ina uzito, ila uzito wote umo kwenye karatasi moja: pendekezo lililoandikwa, linalotaja ofisi yenye mamlaka, kiasi na tarehe. Mkulima asiyeweza kuyatoa mazungumzo ya kikao hadi yakafika kwenye karatasi hiyo hajawasaidia wenzake, hata awe na ekari elfu kumi.

Chukua mafua ya ndege ya H5N1. Machi 2024 virusi vyake vilithibitishwa kwa mara ya kwanza kwa ng'ombe wa maziwa wa Marekani, huko Texas na Kansas. Mwishoni mwa Agosti vilikuwa vimefika California, jimbo linaloongoza nchini humo kwa maziwa, na Desemba gavana akatangaza hali ya dharura. Virusi hivyo hujaa kwenye maziwa yenyewe, ndiyo maana vifaa vya kukamulia vinahesabiwa kuwa njia kubwa ya maambukizi. Hayo daktari wa mifugo anaweza kuieleza bodi vizuri kuliko mtu yeyote. Ya saa tisa usiku kwenye chumba cha kukamulia anayajua mfugaji: vikombe vya mashine vinatoka kwenye chuchu za ng'ombe mmoja vinaingia kwa mwingine, glavu ni zilezile, maziwa yanamrukia mkamuaji usoni. Mwongozo unasema ng'ombe wagonjwa wakamuliwe mwisho. Sawa, lakini mgonjwa hutambulika pale maziwa yake yanapopungua ghafla na kuwa mazito ya njano mithili ya dang'a, na kufikia hapo vikombe vilivyomkamua vimeshapita kwa wenzake.

Sasa mtu mwenye maarifa hayo akifika kikaoni akaridhika na maazimio ya aina ya "bodi inaiomba serikali ilitazame suala hili kwa jicho la pekee", amepoteza safari. Sentensi hiyo haimlazimishi mtu yeyote kuinuka kitini. Pendekezo lenye kazi lingesema idara ya kilimo ya jimbo itoe, ndani ya siku 14, utaratibu wa kuosha magari ya maziwa na ya ndama yanapotoka shamba moja kwenda jingine. Litaje dawa, dakika ambazo dawa inaachwa kabla ya kusuuzwa, na nani analipa gharama. Waziri anayo ruhusa ya kukataa. Ila atakuwa amekataa jambo linaloonekana, na kumbukumbu za kikao zitabaki.

Kufika huko kuna utaratibu, na utaratibu ndio unaowaangusha wengi. Sheria ya mikutano ya wazi ya jimbo, Bagley-Keene ya mwaka 1967, inataka tangazo la kikao na ajenda vitoke siku 10 kabla. Kisichokuwamo kwenye ajenda hakiamuliwi, isipokuwa kwa dharura chache sana. Kwa hiyo mfugaji anayempigia mwenyekiti simu Ijumaa kwa ajili ya kikao cha Jumanne amechelewa. Hoja yake inaweza kusemwa wakati wa maoni ya umma, itasikilizwa, na itasubiri kikao kijacho. Ukitaka jambo lijadiliwe, lipeleke wiki tatu kabla, ukurasa mmoja tu: kinachoombwa, takwimu mbili tatu na zilikotoka, na jina la mtaalamu anayeweza kuitwa kujibu maswali. Kurasa 20 hazisomwi. Tusidanganyane.

Kuna mtego mwingine ambao simu zimeufanya mwepesi mno kuingia. Zaidi ya nusu ya bodi ya watu 15 ni wanane. Mjumbe wa kwanza akimwandikia wa pili kuhusu jambo la bodi, wa pili akampelekea wa tatu, na mnyororo ukaendelea hadi wakafika wanane, huo kisheria ni mkutano, tena wa siri. Kundi la WhatsApp la wakulima wa lozi lenye wajumbe wanane ndani yake, wakianza kubishana humo juu ya hoja ya mwezi ujao, wamevunja sheria hata kama hakuna aliyekusudia ubaya. Katibu anaweza kutuma taarifa kwa wote, wao wasijibizane.

Halafu maslahi. Mkulima ameteuliwa kwa sababu analima, kwa hiyo kumtaka asiwe na maslahi katika kilimo ni kichekesho. Kinachotakiwa ni kutenganisha maslahi ya sekta na ya mfuko wake. Sheria ya jimbo ya maji ya chini ya ardhi ya 2014 inayataka mabonde ambayo maji yake yamenyonywa kupita kiasi yafikie uwiano kati ya maji yanayovutwa na yanayorudi ardhini ifikapo 2040. Mwenye lozi ana la kusema hapo: mlozi huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa na hukaa shambani miaka 25 hivi, kwa hiyo huwezi kuupumzisha mwaka mmoja kama shamba la nyanya. Huo ni ushahidi wa sekta na bodi inauhitaji. Lakini hoja ikiwa ni mpango wa kuwalipa wakulima wasilime katika bonde lile lile lenye shamba lake, atangaze kabla ya neno la kwanza, kisha akae nje ya mjadala na kura. Wengi hutangaza wakati wa kupiga kura, baada ya kuzungumza dakika 20. Hapo madhara yameshafanyika.

Wapo wanaosema dawa ni kuipa bodi ya wakulima mamlaka kamili. Waitazame kamati ya zabibu kavu ya California, iliyoundwa chini ya amri ya masoko ya shirikisho ya mwaka 1949. Ilijaa wakulima na wenye biashara ya zabibu, na iliamua kila mwaka sehemu ya mavuno itakayowekwa akiba ili bei isianguke. Msimu wa 2002–2003 akiba ilikuwa asilimia 47, uliofuata asilimia 30, na kwa akiba ya msimu huo wa pili wakulima hawakulipwa chochote. Familia ya Horne ilikataa kuyafungulia malori ya kuchukua zabibu, ikatozwa thamani yake, kama dola 480,000, na faini ya zaidi ya dola 200,000 juu yake. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali haiwezi kuchukua zabibu hizo bila fidia ya haki. Wakulima walikuwamo kwenye kamati muda wote huo.

Na wakulima gani? Kesi ya Pigford, ambamo wakulima weusi waliishtaki wizara ya kilimo ya Marekani kwa ubaguzi katika mikopo, ilitolewa uamuzi 1999. Hukumu yake inataja wajumbe 8,147 wa kamati za kilimo za kaunti nchi nzima, na weusi kati yao 37. Kamati hizo huchaguliwa na wakulima wenyewe. Neno "mkulima" kwenye orodha ya wajumbe halielezi chochote mpaka ujue analima nini, wapi, na ardhi ni ya nani.

Kwa bodi ya California kikwazo cha wakulima wadogo ni kalenda. Ng'ombe hukamuliwa mara mbili au tatu kwa siku, hawana Jumanne ya kikao. Kutoka Tulare hadi Sacramento, makao makuu ya jimbo, ni zaidi ya kilomita 300. Kutoka El Centro, karibu na mpaka wa Meksiko, ni zaidi ya 900. Mwenye meneja anakwenda, asiye naye anabaki zizini. Kwangu mimi vikao vihamie Tulare mara mbili kwa mwaka na El Centro angalau mara moja, na posho ihesabu ujira wa mtu wa kushika zamu ya kukamua, si mafuta ya gari na chumba cha kulala peke yake.