Bill Dahlen bado yuko nje mlangoni

Desemba 2012 watu 16 waliketi kuamua nani kati ya wachezaji, viongozi na waamuzi wa zama za kale aingie kwenye Jumba la Mashujaa wa Besiboli, lile la Cooperstown katika jimbo la New York. Aliyetaka kupita alihitaji kura 12. Bill Dahlen alipata 10. Walioingia ni Deacon White, mchezaji. Jacob Ruppert, tajiri aliyeimiliki timu ya New York Yankees. Na Hank O'Day, mwamuzi. Mwamuzi wa enzi zilezile za Dahlen akapita, Dahlen akabaki nje kwa upungufu wa kura mbili. Sijaweza kulikubali jambo hilo mpaka leo.

Asiyeijua besiboli anivumilie kidogo. Besi ni vituo ambavyo mpigaji huvizunguka kwa mbio baada ya kuupiga mpira kwa gongo. Dahlen alikuwa shotistopu, yaani mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, kwa hiyo mipira mingi inayobiringika chini humfuata yeye. Anatakiwa auwahi mpira, auokote, na aurushe mpaka besi ya kwanza kabla mpigaji hajafika huko kwa mbio. Sisi wa kandanda tunaye mtu wa namna hiyo: kiungo mkabaji. Anakata mashambulizi dakika tisini, halafu kesho yake gazeti linaandika jina la mfungaji. Ukitaka kujua thamani yake, mwondoe kikosini mechi mbili tu.

Dahlen alizaliwa mwaka 1870 huko Nelliston, New York. Alianza ligi kuu Chicago mwaka 1891, akachezea Brooklyn, New York Giants na Boston, kisha akarudi kumalizia Brooklyn mwaka 1911. Miaka hiyo viwanja havikuwa zulia kama leo. Mpira ungeweza kugonga jiwe ukaruka usoni, na glovu ilikuwa kipande kidogo cha ngozi kisichozidi sana kiganja. Humo ndimo alimosimama katika mechi zaidi ya 2,100 kwenye nafasi hiyo moja. Marusho yake yaliyosaidia kuwatoa wapinzani yalizidi 7,500. Zaidi ya karne imepita, na mashotistopu waliomzidi kwa hesabu hiyo ni watatu tu: Ozzie Smith, Luis Aparicio na Omar Vizquel. Wawili wa kwanza wamo Cooperstown.

Wanaompinga hukimbilia makosa yake. Ni kweli, alifanya karibu makosa 1,000 akiwa shotistopu, na ukiyasoma hivyohivyo unashtuka. Lakini wachezaji wa zama zake walikosea kwa mamia, wakiwemo waliokwisha kuingia jumbani. Halafu kuna jambo ambalo namba ya makosa hailisemi. Mlinzi mzito asiyeufikia mpira haandikiwi kosa. Mpira unapita, mpigaji anahesabiwa amepiga vizuri, yamekwisha. Anayeandikiwa kosa ni yule aliyekimbia akaugusa. Dahlen aliifikia mipira mingi, na sehemu ya makosa hayo ni bei ya miguu yake.

Na hakuwa mlinzi tu. Alipiga mipira salama, yaani mapigo yanayomfikisha mpigaji kwenye besi bila walinzi kumtoa, zaidi ya 2,400. Akaiba besi, yaani akakimbilia besi inayofuata bila kungoja mwenzake apige, zaidi ya mara 500. Na mwaka 1904 akaongoza ligi yake kwa kuwaletea wenzake mikimbio, ndiyo pointi za besiboli, 80 kwa jumla. Majira ya joto ya 1894 ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Alipiga mpira salama katika mechi 42 mfululizo. Tarehe 7 Agosti akaenda kupiga mara sita na kurudi mikono mitupu mara zote sita. Kesho yake akaanza upya, akaendelea mechi nyingine 28. Mechi 71, na ni moja tu iliyomshinda! Rekodi ya Joe DiMaggio ya mechi 56, ya mwaka 1941, inajulikana na kila Mmarekani anayefuatilia mchezo huu. Ya Dahlen huijui mpaka uitafute.

Nikubali pia lisilonifurahisha. Mwaka 1893 mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, alisogezwa nyuma, akawa umbali wa futi 60 na inchi 6, na mwaka uliofuata wapigaji wote wakaneemeka. Hugh Duffy wa Boston alifikisha wastani wa .440, yaani mapigo salama 44 kwa kila majaribio 100. Kwa hiyo namba za 1894 zina mafuta ndani yake, nami sizitumii kama nguzo ya hoja yangu. Tena mwaka 1905, Giants walipotwaa Ubingwa wa Dunia, Dahlen hakupata hata pigo moja salama katika majaribio 15. Jukwaa kubwa lilimjia mara moja, na gongo likamgomea.

Tabia yake nayo haikumsaidia. Hawakumwita "Bad Bill", Bill Mbaya, bure. Alikuwa mgomvi wa waamuzi, na kwa miaka yake ya uchezaji na ukocha alifukuzwa uwanjani zaidi ya mara 60. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama hasira ni kizuizi, Ty Cobb na John McGraw, wakali wa zama hizo waliomo jumbani, wangetolewa leo, na hakuna anayethubutu kulisema hilo.

Sasa tazama nani amepita. Joe Tinker, shotistopu wa Chicago baada ya Dahlen, aliingia mwaka 1946 pamoja na wenzake Evers na Chance. Alikuwa mlinzi hodari, simvunjii heshima, lakini mapigo yake salama hayakufika hata 1,700. Alichokuwa nacho ni shairi fupi la gazetini la mwaka 1910 lililowataja watatu hao, na likakaa midomoni mwa watu. Tinker alikuwa na mshairi, Dahlen hakuwa na mtu. Kwa kipimo cha WAR, kinachokadiria ushindi ambao mchezaji aliiongezea timu kuliko angefanya mtu wa akiba, Dahlen ana takriban 75. Derek Jeter, aliyepita mwaka 2020 kwa kura 396 kati ya 397, ana takriban 71. Najua wapenzi wa Yankees watanuna. Jeter alipiga vizuri zaidi, hilo halina ubishi. Ulinzi ndio unaompa Dahlen mizani.

Kinachoniumiza hasa ni mwenendo wa kura zenyewe. Mwaka 2012 alipata 10. Mwaka 2015 alipata 8. Desemba 2021 hazikuzidi tatu. Mtu aliyefariki mwaka 1950 alifanya kosa gani kati ya 2012 na 2021? Kitabu chake kilikwisha fungwa. Kilichobadilika ni foleni. Mwaka ule kila mpiga kura aliruhusiwa majina manne tu, na karatasi ilikuwa na watu weusi waliofungiwa milango ya ligi kuu katika uhai wao. Walioingia ni Bud Fowler na Buck O'Neil, na nilifurahi kwa moyo wangu wote. Deni lao ni la zamani na ni zito kuliko la Dahlen.

Tena kwenye karatasi ileile alikuwemo shotistopu mwingine, Grant "Home Run" Johnson, mtoto wa Findlay, Ohio, aliyekaribiana na Dahlen kwa umri. Yeye na Fowler waliunda timu ya weusi iliyoitwa Page Fence Giants, huko Adrian, Michigan, ikaanza kucheza mwaka 1895. Mwaka 1910 Detroit Tigers walikwenda Cuba wakiwa na Cobb, na Johnson akampita Cobb kwa wastani wa upigaji. Dahlen alicheza miaka 21 katika ligi ambayo Johnson hakuruhusiwa kuvaa jezi yake hata siku moja. Naye Johnson alikosa mwaka 2021. Kuwapambanisha wawili hawa wagombee kiti kimoja ni dhuluma juu ya dhuluma. Majina manne hayatoshi kwa karne nzima iliyosahauliwa; waongeze nafasi.

Wengine husema muda umepita mno. George Davis alikuwa shotistopu pia, amezaliwa mwaka uleule wa 1870, naye alisahauliwa kabisa mpaka watafiti walipofukua rekodi zake. Aliingia mwaka 1998, miaka 58 baada ya kufa.

Dahlen alizikwa Brooklyn, katika makaburi ya Evergreens, bila hata jiwe lenye jina lake. Kamati inayohusika na wachezaji wa zama hizo inatarajiwa kukaa tena Desemba 2027. Nataka majina mawili yawemo kwenye karatasi hiyo, la Dahlen na la Johnson, na watakaoipokea waanze kwa kusoma ukurasa wa ulinzi.