Tum na Teav: nani aliyewaponza?

Wageni wengi hukiita kisa cha Tum na Teav "Romeo na Juliet wa Kambodia". Ulinganisho huo unapotosha, maana hapa hakuna koo mbili zenye uhasama. Kuna mama anayemtafutia bintiye mume mwenye cheo, basi.

Tum ni mtawa kijana wa Kibudha, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Huko Tbong Khmum, eneo la Kambodia, anampenda Teav, naye binti anamtumia tambuu na shuka. Mkuu wa monasteri anamsihi asubiri kabla ya kuvua joho la utawa, Tum anamkaidi. Kipaji chake kinamfikisha ikulu, na mfalme anaridhia wawili hao waoane. Lakini mama anajisingizia ugonjwa, anamrudisha Teav nyumbani na kumlazimisha aolewe na mtoto wa gavana.

Utenzi unaojulikana zaidi ni wa mwaka 1915, wa mtawa aitwaye Som, na wanaousoma kidini hawana shaka: ni karma, yaani malipo ya matendo ya mtu mwenyewe. Aliyemkaidi mwalimu wake amevuna alichopanda. Hoja hiyo ina nguvu ukiitazama siku ya arusi. Tum anafika na barua ya mfalme mkononi, na angeitoa tu yote yangekwisha. Badala yake analewa, anapaza sauti kwamba Teav ni mkewe, anambusu mbele ya wageni. Gavana anaamuru apigwe hadi kufa, na Teav anajiua penye maiti yake.

Wengine wanaisoma kama shutuma dhidi ya ndoa za lazima na viongozi wanaojiona miungu wadogo. Ndiyo sura inayokaa vizuri zaidi jukwaani na kwenye filamu: machozi mengi, mama mkatili, gavana dhalimu.

Mimi naegemea upande huu wa pili, ila nadhani unamsamehe mno mtu mmoja: mfalme. Kabla ya kuwaozesha, mfalme huyohuyo alikuwa ameagiza Teav aletwe ikulu awe mke wake, na mama alifurahi kweli, kwa kuwa mfalme ni zaidi ya gavana. Hakuna aliyemuuliza binti. Mwishoni mfalme anaamuru jamaa za gavana wazikwe wakiwa hai na kupitishiwa plau ya chuma, mama wa Teav akiwemo. Wengi huiita haki. Naona ni hasira ya mkubwa ambaye barua yake imedharauliwa.