Kwato zile ni za farasi wa nani? Wapenzi wa hevi metali Tabora na albamu wanayoibishania

Ikitajwa The Number of the Beast (yaani Namba ya Mnyama), albamu ya bendi ya Kiingereza Iron Maiden, hapa Tabora, mabishano hayavuki jalada. Upande mmoja unasema ni kazi ya kishetani, na ushahidi wanao: jina lenyewe, picha, na sauti nzito inayoufungua wimbo wa tano kwa maneno ya Kitabu cha Ufunuo. Upande wa pili ni vijana wachache wanaopenda roki katika mji wa bongo fleva na singeli. Wao hujibu kwamba ile ni ndoto mbaya tu: Steve Harris, mpiga besi na mwanzilishi wa bendi, alitazama filamu ya kutisha usiku, akaota, akaamka akaandika. Ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Lakini jibu hilo linawaangusha wenyewe wanaolitoa, kwa sababu linakubali kimyakimya kwamba albamu nzima ni wimbo mmoja.

Nyimbo ni nane. Albamu ilitoka Machi 1982, ya tatu kwa bendi hiyo na ya kwanza akiimba Bruce Dickinson. Inaanza na maharamia wa Kiviking wakiwashukia Wasaksoni, inakwisha na mtu anayesubiri kunyongwa. Shetani ana wimbo wake mmoja. Waliobaki ni watu, na wengi wao wako mbioni au wameshakamatwa.

Hata hivyo wanaoilaumu wasidharauliwe. Jalada halikujichora. Derek Riggs alimchora Eddie, lile zimwi la bendi, akimchezesha shetani kwa kamba kama kikaragosi, na bendi ikaipenda picha hiyo ikaiuza. Aliyetundika fuvu juu ya mlango wa duka asilalamike wapita njia wakivuka barabara. Kule Marekani vikundi vya dini vilizichoma sahani zake za santuri hadharani, na inasimuliwa kwamba wengine waliogopa hata moshi wake, wakazivunja kwa nyundo. Mama mkazi wa Kanyenye hapa Tabora anayeikuta picha ile ukutani kwa mwanawe, mtoto ambaye Jumapili yuko kwaya, ana haki ya kuuliza. Asichokuwa nacho ni haki ya kujijibu mwenyewe kabla hajasikiliza.

Wimbo ninaotaka tuubishanie ni wa sita, Run to the Hills. Unahusu wenyeji wa Amerika ya Kaskazini na wazungu waliowajia kutoka ng'ambo ya bahari. Lawama nzito kuliko zote juu ya albamu hii naiona hapa, wala haihusu dini. Niliisikia kwa mwalimu mmoja wa historia asiyechukia hata kidogo muziki wa magitaa: "Mauaji ya watu wengi namna ile, halafu kibwagizo unakiimba umenyoosha mikono juu kama uko mpirani?" Tena akaongeza jambo ambalo mashabiki wengi hawalijui. Wimbo unawataja Wakree, mojawapo ya makabila ya wenyeji hao, ambao wengi wao wako Kanada, nchi iliyokuwa chini ya taji la Uingereza. Askari wa sare za bluu wanaolaumiwa humo ni wa Marekani. Kwa hiyo Waingereza hawa wameimba dhambi ya jirani, na ya kwao wameipitia kwa mbali.

Hoja ya Wakree sina la kuijibu. Historia imechanganywa, basi. Ile ya furaha ndiyo nisiyoikubali haraka, na sababu yake iko ndani ya mdundo.

Kwenye spika ya simu huwezi kuisikia. Besi inapotea, yanabaki magitaa yanayokwaruza na Dickinson akipiga mayowe. Kuna kibanda karibu na soko kuu wanapoingizia watu nyimbo kwenye flashi. Siku moja kijana wa hapo aliuunganisha wimbo huu na sabufa, na kioo cha kaunta kikaanza kutetemeka juu ya makava ya simu. Hapo ndipo kila kitu kinapata nafasi yake. Clive Burr anafungua kwa ngoma peke yake. Ubeti wa kwanza unakuja kwa mwendo mzito, wa kujivuta, na anayesema ni mwenyeji: walitujia, walituletea mateso, tulipigana nao vizuri uwandani, lakini walikuwa wengi mno. Kisha mwendo unabadilika. Vidole vya Harris vinashika ule mshindo wake maarufu, noti moja ndefu na mbili fupi, tena na tena, na huo ni mwendo wa kwato. Na anayesema sasa si mwenyeji tena. Ni askari, yuko juu ya farasi, anapita kwenye vumbi akiwafukuza watu warudi mashimoni mwao.

Farasi, kwa maneno mengine, ni wa mkimbizaji. Mkimbizwa alipozungumza hakupewa kwato. Msikilizaji anayetikisa kichwa na kupiga mguu chini amepandishwa kwenye tandiko la muuaji bila kuulizwa, na raha anayoisikia ni raha ya kuwinda. Ubeti unaofuata unaanika uwindaji huo ulivyokuwa: wanawake kubakwa, watu kuuziwa pombe huku dhahabu yao ikichukuliwa, vijana kutiwa utumwani. Mwendo haupungui hata kidogo. Halafu kinaingia kibwagizo cha kuwaambia watu wakimbilie milimani wayaokoe maisha yao. Nani anakitamka? Nimekisikiliza mno na bado sina hakika. Kikiwa cha mwenyeji, ni onyo kwa ndugu zake. Kikiwa cha askari, ni dhihaka. Wimbo umekiacha katikati, na umati unaokiimba kwa pamoja unaimba vyote viwili.

Mwalimu alikubali nusu. Alisema huenda nawapa Waingereza akili kuliko waliyoitumia, kwa kuwa Harris ana mshindo huo huo katika nyimbo nyingi, hata zisizo na farasi. Kweli anao. Lakini katika wimbo huu anauzuia mpaka askari aanze kusema, na sioni kama hilo ni la bahati nasibu.

Tabora hatupaswi kuona ajabu furaha na msiba vikikaa kwenye mdundo mmoja. Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake mwaka 1893, Wajerumani wakiwa wameshaingia, kuliko kushikwa. Miongo michache baadaye nchi nzima ilikuwa ikicheza ngoma ya Beni: watu waliotawaliwa kwa bunduki wamejipanga mistari, wamejivika sare na vyeo vya askari wa mkoloni, tarumbeta mbele. Walikuwa wanamsifu mtawala au wanamkejeli? Wasomi wameibishania Beni miaka mingi, na hakuna aliyesema isichezwe kwa sababu ilikuwa tamu.

Wimbo wa mwisho, Hallowed Be Thy Name, unapita dakika saba, na jina lake limetoka kwenye Sala ya Bwana. Kengele inalia, padri anakuja selo kusoma sala za mwisho, na kitanzi kinangoja saa kumi na moja. Mfungwa anashangaa mbona analia, kisha anajitia moyo kwamba roho haifi. Sisi tunao uzito wetu wa kuusikiliza, maana adhabu ya kunyongwa bado imo katika sheria za Tanzania ingawa haijatekelezwa tangu 1994. Anayeiita albamu hii ya kishetani aniambie shetani yuko wapi katika dakika hizo saba. Mimi namwona mtu na imani yake inayoyumba, jambo ambalo hata mahubiri ya Ijumaa Kuu hayalikwepi.

Siitetei yote. Wimbo wa saba, Gangland, ni mwepesi, na umekaa vibaya katikati ya hizo mbili nzito. Mashabiki wanaosema kila wimbo humu ni dhahabu wanajidanganya, na bendi yenyewe haiko upande wao: toleo la sahani la mwaka 2022, la kuadhimisha miaka 40, lilikiondoa kipande hicho na kuweka Total Eclipse, uliokuwa nyuma ya singo ya Run to the Hills tangu mwanzo. Flashi nyingi za hapa mjini zina mpangilio wa zamani. Anayeisikiliza mara ya kwanza na aanzie wa sita, kwenye sabufa, auruke wa saba, amalizie wa nane. Wa tano autie mwishoni, akiwa ameshajua umezungukwa na nini.