Barabara si chachu

Fungua taarifa yoyote ya uzinduzi wa mradi, uwe wa barabara, zahanati au mnara wa simu. Hujafika aya ya tatu utaambiwa mradi huo "utakuwa chachu ya maendeleo". Bandari ni chachu, mikopo ni chachu, na semina ya siku mbili yenye chai na vitafunwa nayo eti ni chachu. Sina ugomvi na tamathali yenyewe, ni nzuri. Ugomvi wangu ni kwamba wengi wanaoitumia wanakusudia kichocheo, na yeyote anayekanda unga anajua hivyo ni vitu viwili.

Twende kwenye bakuli kwanza, maana ndiko neno lilikotoka.

Chachu ya asili siyo hamira ya pakiti. Ni unga na maji vilivyoachwa vikachacha, vikabakizwa ili kuumulia unga mwingine. Humo ndani wamo wakazi wa aina mbili: hamira za porini, zinazokula sukari na kutoa hewa ukaa, na bakteria wanaotengeneza asidi. Hewa huumua donge, asidi hulitia ule ukali. Hamira ya dukani ni ukoo mmoja tu wa hamira uliochaguliwa kwa sababu ya kasi yake, ndiyo maana mkate wake huumuka haraka lakini hauna ukali.

Kuianzisha ni rahisi, kuivumilia ndiyo kazi. Chukua gramu 50 za unga wa ngano, usiokobolewa ukipatikana, na gramu 50 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Changanya kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funika bila kukaza. Kuanzia kesho yake, kila siku bakiza gramu 50 za mchanganyiko, nyingine utupe, kisha ongeza gramu 50 za unga na 50 za maji. Siku ya pili au ya tatu mchanganyiko hufura kwa fujo na kutoa harufu mbaya. Usishangilie. Hao ni bakteria wengine waliowahi kufika, hamira bado. Siku ya nne hivi vyote hunyamaza, na hapo ndipo watu wengi humwaga wakidhani imekufa. Kilichotokea ni kwamba asidi imepanda mpaka ikawashinda wale wa mwanzo, huku hamira zikiwa bado chache. Endelea kuilisha. Kwa kawaida ndani ya wiki moja au zaidi kidogo itaanza kupanda mara mbili ya kimo chake ndani ya saa chache baada ya kulishwa, na harufu itageuka kuwa ya mtindi au matunda yaliyoiva. Hiyo sasa ni chachu.

Joto ndilo linaloamua kasi. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari utalazimika kuilisha asubuhi na jioni, la sivyo itakuwa kali kama siki. Mbeya mwezi wa Julai ipe siku za ziada na uiweke karibu na jiko, siyo juu yake. Ukiona maji ya kijivu yameelea juu, ina njaa, ilishe tu. Ukiona michirizi ya waridi au rangi ya chungwa, tupa yote na uoshe chupa kwa maji yanayochemka. Hakuna cha kuokoa hapo.

Ikishakubali, gramu 100 zake zinatosha unga gramu 500, maji gramu 300 na chumvi gramu 10. Zile gramu 50 zilizobaki chupani ndizo mbegu ya kesho, kwa hiyo zitenge kabla ya chumvi kuingia, kwa sababu chumvi huzipunguza nguvu. Kwa joto la nyuzi 27 hivi, donge hilo litahitaji saa nne hadi sita kuumuka, kisha saa moja au mbili nyingine likishaumbwa.

Wa hamira ya pakiti nao wasidhani wamesalimika. Lawama nyingi zinazotupiwa hamira ni za mpishi. Tui la moto linaua hamira: ikifika nyuzi 55 hadi 60 kazi imekwisha, na kidole kinachosema "ni vuguvugu tu" baada ya kushika sufuria asubuhi nzima si shahidi wa kuaminika. Jaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Sukari nayo ni kigeugeu: kidogo huilisha hamira, nyingi huinyang'anya maji. Mahamri ya unga gramu 500 na sukari gramu 100 yana sukari ya kutosha kuichelewesha, hivyo yanataka vijiko vidogo viwili vya hamira na muda mrefu kuliko mkate wa kawaida. Ukikata na kukaanga mapema yatakuwa mazito katikati. Ukiyaacha yakapitiliza, utando wa gluteni unaoshika hewa unalegea, mahamri yanabonyea yakigusa karai, yananywa mafuta na kunuka pombe. Kipimo ni kidole: bonyeza donge taratibu, likirudi polepole na kubakiza alama, kaanga. Likirudi upesi, subiri. Lisiporudi kabisa, umechelewa.

Sasa rudi kwenye hotuba.

Kichocheo, kwa maana tuliyofundishwa kwenye kemia, huharakisha jambo na chenyewe kikabaki kilivyo. Hakili, hakizai. Chachu hula. Huzaana kwa kile inachokila, na mwisho huwezi kuitenga tena na donge kwa sababu donge zima limekuwa chachu. Ukimega kipande popote, kipande hicho kinaweza kuumua unga mwingine. Halafu chachu haileti unga. Bakuli lenye maji matupu halitaumuka hata ukilimwagia chachu chupa nzima.

Kwa kipimo hicho barabara ya lami ni kichocheo safi kabisa. Inapunguza saa za safari na nauli ya gunia la viazi, lakini barabara haizai barabara. Mkulima mmoja aliyejifunza kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, jirani akaja kuchungulia, naye akamfundisha shemeji yake, huyo ndiye chachu. Kikundi cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake wawili wanahamia kijiji cha pili na kuanzisha kingine, hicho ni chachu. Semina je? Inategemea nani alirudi nyumbani akafundisha mwingine. Mara nyingi, kusema kweli, ilikuwa maji ya vuguvugu na sukari bila hamira.

Waingereza wana leaven, neno lililopitia Kifaransa kutoka Kilatini levare, kuinua. Ndiyo maana wao wakilitumia kwa mafumbo huzungumzia zaidi wepesi: hotuba nzito iliyotiwa kichekesho hapa na pale wanasema imetiwa leaven. Sisi tulilikamata jambo hilohilo kwa upande wa pili. Chachu imetoka kwenye kuchacha, yaani kugeuka ukali, na kazi ya kuinua tumeiachia kitenzi kingine, kuumua. Kwa hiyo mwandishi anayetafsiri leaven kuwa chachu kwenye sentensi ya kichekesho anamlisha msomaji ladha ambayo haimo. Huyo aseme kichekesho kimeupunguzia uzito mjadala, inatosha.

Ukali huo ndio uliotupa matumizi mengine ambayo hotuba haziyagusi. Mchuzi uliolala bila kupashwa umechacha. Mambo yakipamba moto yamechacha. Kijana asiye na senti mfukoni anasema amechacha, na hakuna anayemwelewa vibaya. Hata Biblia, ambayo nadhani ndiyo iliyolisambaza zaidi neno hili kwa mafumbo, imelitumia pande zote mbili: kwenye Mathayo 13 mwanamke anaificha chachu ndani ya pishi tatu za unga na hilo ni jambo jema, mfano wa ufalme wa mbinguni. Sura tatu mbele wanafunzi wanaonywa wajihadhari na chachu ya Mafarisayo. Chachu ni ileile, na katika mifano yote miwili kinachosemwa ni namna inavyoenea bila kuonekana. Ubora wake ni suala jingine.

Ndiyo maana gazeti likiandika kwamba uvumi fulani ulikuwa "chachu ya vurugu" mimi sina la kusahihisha. Uvumi unakula hofu iliyopo, unaongezeka, na kila aliyeupokea anaweza kuupeleka kwingine. Aliyeandika hivyo amelitumia neno vizuri kuliko mwandaaji wa hotuba ya uzinduzi wa daraja.

Wa michezo ndio wanaonichosha. Mshambuliaji amefunga mabao mawili kati ya mawili, kesho yake anaandikwa kuwa "chachu ya ushindi". Huyo si chachu, huyo ni mkate wenyewe. Kama lazima apatikane wa kuitwa chachu, mtafuteni yule kiungo aliyeingia dakika ya 60 timu ikiwa imelala, akaanza kuomba mpira na kukaba mpaka wenzake wakaona haya, nao wakaanza kukimbia.