Mbona Ureno 1971 mmeiruka?

Makala yenu kuhusu Charlie Haden, mpiga besi wa jazz wa Marekani, ni tamu, ila maisha yake mmeyakatisha pale yanaponoga. Polio iliyomharibia sauti ya kuimba akiwa kijana mmeitaja, kupiga na mpiga saksofoni Ornette Coleman mmetaja. Sasa Ureno je? Mwaka 1971, jukwaani Cascais, mji ulio karibu na Lisbon, udikteta ukiwa bado madarakani, alitangaza kwamba wimbo wake ni wa wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau, makoloni ya Ureno wakati huo. Kesho yake polisi wa siri wakamdaka uwanja wa ndege Lisbon, wakamhoji. Sisi wa Dar, ilikozaliwa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, 1962, hilo ndilo tungelisoma kwanza. Na besi yake jamani! Noti chache, nzito, hana papara. Wale wa kukimbiza vidole mimi siwawezi.