Haikuwa Nyundo, Ulikuwa Mchi

Najua habari mmeshaipata. Shosti wangu hajui kulaza umbea: hata sherehe haijaisha, picha iko kwenye grupu na maneno chini yake, "Kaleta tofali, tumelivunja kwa nyundo."

Uongo mtupu. Ulikuwa mchi.

Haya, sogeeni niwape yenyewe. Mnaojua sherehe za kubadilishana biskuti mnajua sheria: kila mtu analeta aina moja, dazeni 6, kisha anazunguka meza na kopo tupu na kuondoka na dazeni 6 za mchanganyiko. Biskuti 72. Oveni yangu inaingiza trei moja, trei inabeba 12, kila trei dakika 12. Pigeni hesabu. Mimi sikupiga, nilikuwa na kazi ya kutamba kwenye grupu kwamba zangu watu watazigombania.

Biskuti laini hutoka ovenini zikiwa bado zinalegea, hukakamaa zikishapoa. Hilo nalijua, kwa hiyo wewe dada wa mapishi unayeandika komenti, shusha kidole. Tatizo ni kwamba muda wa kuzipoza ndio uliokuwa muda wangu wa kuoga na kupaka wanja. Na kabla ya hapo nikaona hazina madoido. Nikachemsha sukari mpaka ikawa kahawia, nikazimwagia juu kama karameli. Bila maziwa, bila siagi. Nikazipanga za moto hivyo hivyo, safu juu ya safu, kwenye kopo la bati, bila hata karatasi katikati, nikakandamiza mfuniko. Njiani kopo liko miguuni, kiyoyozi cha gari kinalipuliza baridi.

Nilipofika, foleni imeshajipanga. Mbele kabisa mama mkwe, na kopo lake tupu, anatabasamu.

"Haya mwanangu, tuone."

Mfuniko ukagoma. Nikauvuta, ukagoma. Nikalibana kopo kwapani nikavuta kwa nguvu zote, ukafyatuka pwaa! ukaenda kutua kwenye bakuli la juisi. Watu wakacheka kidogo, mimi nikacheka zaidi. Nikatia mkono nitoe biskuti ya kwanza. Haitoki. Ya pembeni. Haitoki. Kucha ya bandia ikabaki humo humo. (Kama ni wewe uliyeipata, naomba, seti nzima inanisubiri.)

Nikaona nipindue. Nikaliweka kopo kichwa chini juu ya sinia. Kimya. Nikagonga kitako, taratibu, huku nikisema "zinakuja, zinakuja". Kimya. Nikagonga tena. Ndani kitu kikasogea, kikakwaruza bati, krrrr, polepole, na kila mtu anasikia. Halafu, ndu! Sinia likaruka.

Kilichotoka kilikuwa kimoja. Biskuti 72, mwili mmoja, umbo la kopo, kinang'aa karameli pande zote. Hata chapa ya kitako cha kopo ilisomeka.

Hakuna aliyesema kitu. Mama mkwe akainama, akakigonga kwa kidole. Ko, ko. Akaniangalia. Akakigonga tena, nadhani kwa heshima tu. Ndipo mtoto mmoja huko nyuma akauliza kwa sauti ya wazi kabisa, "Mama, kila mtu anachukua moja, sasa sisi wengine tunakula nini?"

Hapo ndipo picha ilipopigwa. Mnaona nimefumba macho? Nilikuwa nasali.

Mengine ni ya haraka. Kisu kikapinda, mwenyeji akaleta mchi, tukavunja, watu wakachukua vipande kwa huruma, mzee mmoja akafunga chake kwenye tishu akisema atakinyonya nyumbani. Nikaondoka na biskuti 72 za wenzangu, nzima, moja moja, tamu ajabu. Kwa hesabu ya biashara, nani kapata hasara hapo?

Orodha ya sherehe ijayo imeshatumwa kwenye grupu. Kila mtu kapangiwa aina yake ya biskuti. Mimi nimeandikiwa: barafu.