Ghala Limefungwa

Mjomba wangu ana duka la viungo Marikiti, Mombasa. Mwaka jana, Ramadhani inakaribia, aliniomba nimtilie programu ya mauzo kwenye kaunta zake nne. Kwa kukipenda Kiswahili changu, nikatafsiri kila ujumbe wa hitilafu. Hifadhidata, yaani pale programu inapoweka kumbukumbu za mauzo, nikaiita "ghala" tu, maana jina lenyewe lilikuwa refu, halikuenea kwenye kioo cha keshia.

Hifadhidata niliyoitia ni SQLite. Niliichaguaje? Nilisoma kwa wenyewe kwamba yaweza kuandika mistari 50,000 kwa sekunde. Basi! Hata karafuu ingegawiwa bure, Marikiti nzima haifiki huko. Usiku nikaijaribu sebuleni: keshia mimi, mteja mimi, mlipaji mimi. Mauzo 1,000 yakaingia kabla chai haijapoa. Nikalala.

Mkesha wa Idi, baada ya alasiri, duka halipitiki. Kaunta ya kwanza kasimama bibi mmoja. Iliki yake imeshapigwa hesabu, mdalasini pia, sasa anafungua pindo la leso atoe pesa. Ndani ya fundo mlikuwa na fundo jingine. Mara kaunta tatu zilizobaki zikaandika kwa wino mwekundu: GHALA LIMEFUNGWA.

Keshia mmoja akausoma kwa sauti. Hapo ndipo balaa.

"Nani kafunga ghala?" Mjomba akauliza. Mtunza ghala akatoka mbio na funguo mkononi. "Wallahi bosi, liko wazi, njoo uone!" Mjomba akaenda, akaona, akarudi. Kioo kingali kinasema limefungwa. Wateja nao wakajua iliki imekwisha: wengine wakang'ang'ania iliyo mezani, wengine wakahamia kwa jirani.

Simu ikanikuta Nyali. "Mwanangu, ufunguo wa ghala unao wewe?"

"Ghala gani, Mjomba?"

"Waniuliza ghala gani? Kwani nina maghala mangapi?"

Matatu yetu ikakwama darajani. Nilipofika Marikiti, fundi wa kufuli alikuwa ameshaitwa, na ameshaikata kufuli iliyokuwa ikining'inia kwenye mlango ulio wazi. Bibi ndiyo kwanza anahesabu sarafu.

Kisa chenyewe hiki. SQLite hukubali mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Programu yangu ilikuwa ikishika kalamu tangu bidhaa ya kwanza, haiiachi mpaka mteja alipe. Kwa hiyo mkono wa bibi ukiwa ndani ya leso, duka zima limeshikwa. Kaunta nyingine zilingoja sekunde 5, ambayo ndiyo subira ya kawaida ya Python, lugha niliyoandikia programu, kisha zikalalamika. Na katika majaribio yangu ya sebuleni hamkuwa na bibi.

Idi ilipopita nikawakusanya watoto wa dada zangu wanne dukani usiku, kila mmoja na kaunta yake. Mdogo wao nikamwambia atafute sarafu dakika nzima. Alifurahi kupita kiasi. SQLite ikakwama vilevile. Nikaleta PostgreSQL, hifadhidata nyingine, ambayo hufunga mstari unaoguswa badala ya kitabu kizima, ikapita. Kisha nikarekebisha programu iandike yote kwa mkupuo baada ya malipo: zote mbili zikapita! Zile 50,000 nazo sikuziona. Hesabu hiyo ni ya mistari iliyofungashwa katika muamala mmoja, yaani ikahifadhiwa yote kwa mpigo mmoja. Kila mauzo yakiwa muamala wake, hungoja diski izunguke, na diski kuukuu ya Mjomba ilinipa makumi tu kwa sekunde. Kwa makeshia wanne, makumi ni ufalme. SQLite ikabaki.

Pesa za fundi na za kufuli mpya zilikatwa kwenye ujira wangu. Ujumbe nao Mjomba aliutunga upya mwenyewe: SUBIRI, BIBI ANATAFUTA PESA. Hutokea kwa nadra, ila juzi ulitokea mbele ya mama mmoja mwenye miwani. Akausoma polepole, akamkazia keshia macho.

"Bibi gani? Mimi nishalipa!"